Rangi Katika Kioo Cheusi Si Pambo

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni mchezo wa vijana: kuchagua rangi na ukubwa wa herufi katika kompyuta inayoendeshwa kwa maandishi matupu. Nasema zile ambazo hazina picha wala vidirisha. Kuna kioo cheusi, herufi nyeupe, na wewe unaandika amri moja baada ya nyingine. Msidhani zimekwisha. Seva nyingi zinazotunza barua na hesabu za maofisi, hasa zinazotumia Linux, huendeshwa hivyo mpaka leo.

Mimi mwenyewe niliwacheka waliopaka rangi vioo vyao. Kisha jioni moja nilikuwa nimefungua mashine mbili kwa pamoja, moja ya majaribio na nyingine yenye kazi halisi ya watu. Zilifanana kama pacha. Nikaandika amri ya kufuta folda ya majaribio, nikabonyeza, kumbe nilikuwa ndani ya ile halisi. Nakala ya akiba ilikuwa ya siku mbili nyuma, kwa hiyo kazi ya siku mbili ya wenzangu watatu ikapotea. Hakuna aliyenitukana, lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo mashine yenye kazi halisi huniita kwa rangi nyekundu, na ile ya majaribio kwa kijani. Jambo lenyewe si gumu. Programu inapotaka rangi hutuma alama iitwayo Escape, ikifuatiwa na tarakimu, na kioo kinatii. Utaratibu huu umo katika kanuni ya ECMA-48, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1976. Tarakimu 31 ni nyekundu, 32 kijani, 33 njano, 34 buluu, na 0 hurudisha hali ya kawaida.

Yale maneno mafupi ambayo mashine huonyesha ikingoja amri yako yamewekwa chini ya jina PS1, na kwa watumiaji wa bash huandikwa katika faili iitwayo .bashrc. Redioni sikuweza kuusoma mstari wenyewe, lakini hapa gazetini unaweza kuunakili:

PS1='\[\e[31m\]HALISI \h:\w\$ \[\e[0m\]'

Angalia mambo mawili. Kwanza, ukisahau ile 0 ya mwisho, kila utakachoandika kitakuwa chekundu, na onyo linaloonekana kila mahali si onyo tena. Pili, usiache zile alama \[ na \] zinazozunguka rangi. Bila hizo bash hukosea kuhesabu urefu wa mstari, na amri ndefu hurudi kuandikwa juu ya maneno ya mwanzo.

Sasa tuje kwenye macho. Wengi hulalamika kwamba majina ya folda hayasomeki. Sababu ni kwamba amri ya ls kwa kawaida huyaandika kwa buluu, na buluu juu ya weusi ni hafifu. Katika kipimo kinachotumika kukadiria mwangaza wa rangi za kioo, kijani huchangia karibu asilimia 72, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Basi usiyalaumu macho yako, badili rangi. Katika orodha iitwayo LS_COLORS, pale palipoandikwa di=01;34 weka di=01;36, na folda zitatokea kwa rangi ya feruzi, ambayo ndani yake mna kijani.

Na herufi zikiwa ndogo, zikuze. Herufi ya kawaida ya kioo cha maandishi ina upana wa nukta 8 na kimo cha nukta 16. Iko aina iitwayo Terminus, kazi ya Dimitar Zhekov, inayofika nukta 16 kwa 32, yaani mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo. Ikiwa imewekwa katika mashine yako, andika setfont ter-132n. Ili ibaki hata baada ya kuzima, wenye Debian watumie dpkg-reconfigure console-setup. Katika mifumo mingine mingi jina lake huandikwa ndani ya faili /etc/vconsole.conf. Gharama yake ni kwamba kioo kitabeba robo tu ya maneno kiliyobeba kwanza.

Hapa watu wengi huchanganya. Rangi ya PS1 huwekwa katika mashine unayoiamuru, hata kama iko mbali. Ukubwa wa herufi ni wa kioo kilicho mbele yako. Ukituma setfont kwenye seva iliyo mji mwingine, macho yako hayatapata nafuu yoyote. Na kama umeingia huko kupitia dirisha la kompyuta ya kawaida yenye picha, herufi hukuzwa katika mipangilio ya dirisha lenyewe.

Labda umejiuliza kwa nini niliandika neno HALISI wakati rangi nyekundu ipo. Wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu 8 katika kila 100. Huenda mmoja wao ndiye atakayekaa kwenye kiti chako kesho. Rangi na imwonye anayeiona, na neno limwonye asiyeiona.

Kazi yote hii haizidi nusu saa. Wenzangu watatu walihitaji siku mbili kurudia yale niliyowafutia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.