Mbwa mpole kwa mtoto mwenye usonji: msinunue jina

Wadau, juzi dada kanipigia: "Kaka, nimchukulie mpwa wako Labradoodle? Nasikia ni wapole sana." Dogo ana usonji, na bei aliyotajiwa ilinitoa jasho. Nikamwambia subiri kwanza.

Mbwa huyo ana historia. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron wa chama cha mbwa wa kuongoza wasioona alitafuta mbwa kwa mama mmoja wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Akapandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii kupimwa. Mmoja tu, Sultan, ndiye hakumletea yule bwana matatizo. Mmoja kati ya watatu, tena wa tumbo moja! Jina likavuma, watu wakazalisha ovyo kutafuta hela, hadi mwaka 2019 Conron akasema hadharani kuwa anajuta.

Upole nao ni hivyo hivyo. Mfugaji makini anachagua baba na mama wasio waoga wala wakali, waliopimwa nyonga, maana mbwa mwenye maumivu ni rahisi kuuma. Halafu kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, vitoto vizoeshwe kelele, viti vya magurudumu na kushikwashikwa. Vikifungiwa bandani kipindi hicho, ukoo mzuri hautoshi.

Basi dada nimemwambia aende akamwone mama wa hao watoto. Akikataliwa, arudi na hela zake. Na akimpata, dogo na mbwa wasiachwe peke yao. Mliofuga, mnasemaje?