Nusu ya Ushahidi

Nilikwenda katika gereji moja ya Majengo, Mombasa, kwa haja nyingine kabisa, nikajikuta nimeketi juu ya tairi kuukuu saa nzima, nikimtazama fundi mmoja mtu mzima akiihoji swichi ya taa ya Land Rover Series IIA, gari la zama za baina ya 1961 na 1971, mfano wa shahidi aliyeletwa mbele ya kadhi.

Mita ya umeme ilitangulia, ikalia, ishara kwamba njia i wazi, nami nikadhani shughuli imekwisha. Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo ni nusu ya ushahidi, mwanangu," akasema, kisha akanifahamisha kwa taratibu kwamba mita hupitisha umeme chembe tu, ambao hata shaba iliyoota kutu huuacha upite, ilhali taa moja ya wati 60 katika gari la volti 12 hudai ampea 5, na taa ni mbili, na umeme wake wote, kwa kuwa magari yale hayakuwekewa rilei ya taa, hupita tumboni mwa swichi yenyewe.

Akaitaka betri. Akaunga fyuzi kwanza, kwa kuhadhari shoti, kisha swichi, kisha taa moja ya mbele aliyoilaza juu ya meza. Akaipeleka swichi taa ndogo, taa kubwa, kuzima, tena na tena, sikio akiwa amelitega. Taa iliwaka, lakini kwa umanjano wa kibatari kinachoishiwa mafuta. Na mita, safari hii ikipima volti baina ya miguu miwili ya swichi, ikasoma 1.5, naye hakubali kuzidi 0.2. Volti hizo zilizopotea ni karibu wati 7 za joto tupu, nami nilipoigusa swichi baada ya dakika kumi niliuondoa mkono upesi.

Akaifungua, akavisugua kwa msasa laini vile vipande vya shaba vinavyogusana, akaifunga. Mita ikasoma 0.1.

Na mpya ya dukani je? Nayo huipima vivyo hivyo. "Boksi halibebi umeme," alisema. Nikamwuliza shaba ile itadumu muda gani katika hewa hii ya chumvi. Akatazama upande wa bahari, asinijibu.

Ewe mwenye gari la kale, kabla swichi haijarejea dashibodini, muulize fundi wako: ameipima kwa taa, au kwa mita peke yake?