ADUI WA SIMU YA UPEPO YUMO CHUMBANI

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, nchini Zambia, yalifunguliwa mwaka 2018 ili kuwapokea raia wa Kongo waliokuwa wakikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika tangu mwaka 2017. Mahali kama hapo, mbali na miji mikubwa na karibu na mpaka unaopita katika Ziwa Mweru, kompyuta, umeme wa jua na simu ya upepo huweza kujikuta katika chumba kimoja. Ujirani huo una hatari ambayo askari wengi hawajaitambua.

Ikumbukwe kwamba kila kompyuta, ingawa haikukusudiwa hivyo, ni kituo kidogo cha kurusha mawimbi. Chaja yake, pamoja na inveta ya umeme wa jua, hukata na kuunganisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mikato hiyo huzaa mawimbi yanayotapakaa hadi kwenye megahezi 3 mpaka 30, yaani njia ile ile ya simu ya upepo ya masafa marefu. Nyaya zilizotambaa mezani ndizo eriali zake.

Askari wa zamu husikia mvumo, akalaumu mvua au umbali. Wakati huo huo doria iliyoko ziwani, betri yake ikififia, inaita wala haijibiwi. Sauti dhaifu ndiyo inayomezwa kwanza, na mara nyingi mwenye shida ndiye mwenye sauti dhaifu.

Mataifa hayakulala. Kamati ya kimataifa ya kupambana na mwingiliano wa redio, CISPR, iliundwa mwaka 1934. Marekani ilitunga kanuni za kompyuta mwaka 1979, na CISPR ikatoa kiwango chake mwaka 1985. Vifaa vya daraja B, vya majumbani, hubanwa zaidi kuliko vya daraja A. Chaja ya bei rahisi isiyo na alama yoyote haijaahidi lolote.

Kumpata mkosaji si kazi ngumu. Redio iachwe ikitumia betri yake, kisha vifaa vizimwe kimoja kimoja huku askari akisikiliza. Mvumo ukikoma, mkosaji amejulikana. Eriali isimikwe nje, mbali na paneli za jua, na waya wake usifungwe pamoja na nyaya za kompyuta. Pini ya tatu ya plagi, ambayo baadhi ya mafundi huikata ili iingie kwenye soketi, isiguswe kamwe: ndiyo inayoteremsha mikwaruzo ardhini, na ndiyo inayomkinga mtu asipigwe na umeme.

Redio nayo hudhuru. Ikirusha karibu mno, kompyuta huweza kuganda katikati ya kazi. Tena, mawingu yakikusanyika juu ya Mweru, eriali na kompyuta zichomolewe kabla ya ngurumo ya kwanza. Chumba cha betri za asidi kiachwe wazi kipate hewa, na sigara ibaki nje, kwa kuwa betri zinapochajiwa hutoa gesi inayolipuka.