Kuchagua Kitabu cha Kutengenezea Gari la Fahari la Zamani

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami naongeza kwamba gari la zamani bila kitabu chake hupotea vivyo hivyo, na lenye kitabu kisicho chake hupotea upesi zaidi. Jambo hili nililiona kwa macho yangu katika likizo ya Juni. Kwa kuwa wenzangu wengi hapa shuleni wana baba, wajomba au babu wenye magari ya namna hiyo, naona yafaa niwaeleze jinsi kitabu cha matengenezo kinavyochaguliwa.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D, mali ya marehemu babu yangu, nyumbani kwetu Njombe. Mchana liliwaka bila taabu, lakini alfajiri, wakati wa baridi kali ya Juni, lilikataa kabisa, tukawa twalisukuma mpaka mtelemkoni. Mafundi wawili walikwisha kuliangalia. Wa kwanza alibadili betri, wa pili akabadili hita plagi. Fedha zikaenda na ugonjwa ukabaki. Baba akachoka, akapatana na mnunuzi wa chuma chakavu. Baba mdogo, ambaye ni seremala, akamsihi ampe nafasi ya kujaribu. Baba akajibu, "Haya, wewe na mwanao nawapa mpaka shule ifunguliwe. Baada ya hapo litapimwa kwa kilo."

Watu wengi hudhani kwamba gari la fahari likizeeka, kulitunza kunakuwa rahisi kama bei yake. Sivyo. Bei ya kulinunua hushuka, bali bei ya vipuri na ujira wa fundi mjuzi havishuki pamoja nayo. Ndiyo sababu mwenye gari hujaribu kufanya kazi ndogo ndogo kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo kitabu kinapohitajika.

Baba mdogo alikwenda mjini kwa muuza vitabu vya mitumba, akapata kitabu kinene kilichoandikwa "123" juu ya jalada. Magari ya aina hiyo, yaani ya mfululizo wa 123, yalitengenezwa Ujerumani Magharibi kati ya mwaka 1975 na 1986, nayo yalikuwa karibu 2,700,000. Muuzaji alisema, "Mzee, 123 ni 123." Tukalipa shilingi 30,000. Tulipofika nyumbani na kufungua boneti, tukakuta picha za kitabu zaonyesha injini ya petroli yenye silinda sita na plagi za cheche. Yetu ni ya dizeli, ina silinda nne, na plagi za cheche haina hata moja! Sura za milango na vioo zilitufaa kidogo, lakini ugonjwa wetu haukuwa mlangoni.

Basi hilo ndilo somo la kwanza: kabla ya kutafuta kitabu, ujue kwanza gari lako. Usisome jina lililobandikwa nyuma peke yake, maana jina laweza kubandikwa na mtu yeyote. Soma namba ya chasisi. Katika magari ya mfululizo huu, namba hiyo ina tarakimu sita zitajazo aina ya gari. 123.123 ni 240D, 123.130 ni 300D, na 123.223 ni 230E ya petroli. Tarakimu inayofuata yaeleza usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Kisha soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloki. Injini ya 240D huanza kwa 616, na ya 300D huanza kwa 617. Ziandike zote katika karatasi, uende nazo kwa muuza vitabu kama mgonjwa aendavyo hospitali na cheti chake.

Hata mwaka una maana. Injini ya 240D ilirekebishwa mwaka 1978. Ukubwa wake ulitoka sentimita za ujazo 2,404 ukawa 2,399, na nguvu zake zikaongezeka kutoka farasi 65 hadi 72. Jina ni lile lile, lakini magari mawili yenye jina moja hayana injini moja. Kwa hiyo angalia ndani ya kitabu kinasema kinahusu miaka gani, wala usitosheke na jalada.

Somo la pili ni kujua aina za vitabu, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake. Kipo kitabu cha mwenye gari, ambacho hukaa ndani ya kisanduku cha dashibodi. Hicho hueleza mafuta yanayofaa na upepo wa magurudumu, lakini hakikufundishi kufungua injini. Kipo pia kitabu cha vipuri, chenye michoro ya vitu vilivyotawanywa kimoja kimoja na namba zake. Hicho husaidia sana dukani, lakini hakisemi kitu gani kianze kufunguliwa.

Kisha kuna kitabu cha kiwanda. Hicho ndicho chenye ukweli mwingi kuliko vyote, ila kiliandikiwa fundi aliyekwisha kufundishwa. Kwa magari ya mfululizo wa 123, injini ina kitabu chake, na chasisi na bodi vina kitabu kingine. Anayenunua kimoja akidhani amepata vyote atajuta. Kazi zake zimegawanywa kwa namba: 05 ni valvu na mitambo yake, 18 ni ulainishaji kwa oili, 20 ni upoozaji, 42 ni breki. Tena mara nyingi hutaka vifaa maalum vya kiwanda ambavyo mtu wa nyumbani hana.

Mwisho ni vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mashuhuri miongoni mwake ni vile vya John Haynes, Mwingereza, na habari zake zafaa kusikiwa na kila mwanafunzi. Alipokuwa bado mvulana katika shule ya bweni, aliandika kijitabu juu ya kubadili gari dogo la Austin 7, akatoa nakala 250, zote zikanunuliwa kwa siku chache. Baadaye aliingia jeshi la anga, akapelekwa Aden, bandari ya Uarabuni iliyojulikana sana na majahazi ya pwani yetu. Mwaka 1965, akiwa huko, alimsaidia mwenzake kutengeneza gari la Austin-Healey Sprite lililochakaa. Akaona kwamba kitabu cha kiwanda hakikuandikwa kwa mtu wa kawaida. Basi wakaifungua injini na kuifunga tena, huku akipiga picha kila hatua. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1966, na nakala 3,000 za kwanza ziliisha kabla ya miezi mitatu. Bwana Haynes alifariki mwaka 2019, lakini desturi yake imebaki kuwa kipimo: kitabu kizuri ni cha mtu aliyeifanya kazi kwa mikono, si cha mtu aliyeisikia.

Sasa nirudi Njombe. Baada ya kupoteza fedha zetu, nilitafuta katika simu ya mama, nikapata kurasa chache juu ya kurekebisha valvu za injini ya dizeli ya Mercedes. Zilikuwa bure, nasi tukafurahi. Zilisema kwamba injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu ya kuingiza hewa iwe milimita 0.10, na ya kutolea moshi iwe milimita 0.35. Tayari nilikwisha kushika spana. Baba mdogo akanizuia akisema, "Mwanangu, seremala hupima mara mbili, akakata mara moja. Hebu soma tena, hiyo ni injini gani?" Nikasoma: ilikuwa 617 yenye taabo. Yetu ni 616 isiyo na taabo, na nafasi yake ya kutolea moshi ni milimita 0.30. Tofauti ni milimita 0.05, kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Pengine isingetuvunjia injini, lakini ilinionyesha jinsi kosa linavyoweza kuingia kimya kimya kwa mtu mwenye furaha ya kupata kitu cha bure.

Kurasa zile zilikuwa za Kimarekani, na hapo pana hatari nyingine. Waandishi wa huko huonyesha usukani wa kushoto, na hupima nguvu ya kukaza nati kwa paundi na futi, hali vitabu vingine hutumia Nyutoni-mita. Kipimo kimoja cha Kimarekani ni karibu 1.36 ya hicho kingine. Kwa hiyo 80 ya kwao ni karibu 108 ya Nyutoni-mita. Mwenye kuchanganya vipimo hivyo ama ataacha nati ikiwa imelegea, ama atakata boliti.

Somo la tatu ni kukijaribu kitabu kabla ya kulipa. Chagua kazi tatu, uzisome papo hapo dukani. Ya kwanza iwe kazi uijuayo, mathalan kubadili oili na filta. Ikiwa kitabu kinakosea katika unalolijua, usikiamini katika usilolijua. Ya pili iwe ile inayokusumbua. Tazama kama kinataja vifaa vyote mwanzoni, kama picha ni za injini yako, na kama kinaeleza namna ya kufunga, si kufungua tu. Ya tatu iwe mchoro wa nyaya za umeme. Ukiwa umefifia hata namba hazisomeki, kiache. Tena angalia kama kitabu kinakuonya. Kitabu kinachosema wazi kwamba kazi fulani, kama pampu ya dizeli, ipelekwe kwa fundi mwenye mitambo, ni cha kuaminika kuliko kinachoahidi kwamba kila kitu ni rahisi.

Kwa njia hiyo baba mdogo aliagiza Dar es Salaam kitabu cha magari ya dizeli ya mfululizo wa 123. Safari hii alimpigia muuzaji simu na kumtaka amsomee orodha ya injini zilizomo. Tulilipa shilingi 45,000, nacho kikaja na basi zikiwa zimebaki siku nne shule ifunguliwe.

Humo ndimo tulimofahamu ugonjwa. Injini ya dizeli haina cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Katika injini ya 240D hewa hubanwa mara 21. Valvu isipofunga sawasawa, hewa huvuja, joto hupungua, na asubuhi ya baridi mafuta hayawaki. Tulipopima kwa vibati vya fila geji, tukakuta valvu mbili za kutolea moshi hazina nafasi hata ya kupitisha kibati chembamba kabisa. Tulirekebisha zote nane kwa spana za 14, mimi nikisoma kwa sauti na baba mdogo akikaza, na kila moja tukaipima mara mbili.

Kesho yake alfajiri baba mwenyewe ndiye aliyeshika ufunguo. Mara ya kwanza gari lilikohoa likanyamaza. Mara ya pili likawaka. Baba hakusema neno. Alisikiliza kwa muda, kisha akaingia ndani kumpigia simu yule mnunuzi wa chuma. Sanduku langu la bweni lilifika hapa shuleni muhula huu ndani ya gari la babu.

Basi, ndugu wasomaji, atakaye kununua kitabu cha namna hii akumbuke mambo matatu: ajue namba za gari lake, ajue aina ya kitabu anachokihitaji, na akijaribu kabla ya kutoa fedha. Kile kitabu cha petroli bado tunacho. Baba mdogo amekiweka katika karakana yake, na kila mteja akija na vipimo vya mlango alivyokisia kwa macho, humwonyesha kwanza kitabu hicho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne B