Mashujaa wa Australia na Majina ya Kyela

Australia ni nchi ya mbali, nayo si mfano wetu katika kila jambo. Hata hivyo ipo desturi yake moja ambayo tungependa viongozi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa waitazame. Tangu mwaka 1960, nchi ile humtangaza hadharani Mwaustralia wa Mwaka. Wa kwanza alikuwa mwanasayansi, Macfarlane Burnet. Baadaye wakatangazwa waimbaji wa kundi la The Seekers mwaka 1967, bondia Lionel Rose mwaka 1968, na mcheza tenisi Evonne Goolagong mwaka 1971. Rose na Goolagong ni wa kizazi cha wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao ilibidi ipigwe kura ya maoni mwaka 1967 ndipo Katiba iruhusu wahesabiwe katika sensa pamoja na wenzao. Hatusemi basi kwamba heshima ya siku moja hufuta dhuluma ya miaka mingi. Twasema tu kwamba jina lililotangazwa na kuandikwa halipotei kwa urahisi.

Mwaka 1983 heshima hiyo alipewa mkimbiaji Robert de Castella, na hapo habari inatugusa sisi wenyewe. Mwezi Oktoba 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Watanzania wawili, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga, waliongoza mbio za marathoni kwa mwendo ulioishangaza Australia nzima. De Castella aliwafuata kwa subira, akawapata karibu na mwisho, akamshinda Ikangaa kwa sekunde 12 tu. Shahanga naye aliondoka Brisbane na dhahabu ya mita 10,000. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 de Castella alikuwa wa tano na Ikangaa wa sita. Mjini Seoul mwaka 1988 Ikangaa akawa wa saba na Mwaustralia akawa wa nane. Mwaka uliofuata askari huyo wa Jeshi la Wananchi alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Yafaa kujiuliza ni wanafunzi wangapi wa shule zetu wawezao kulisimulia hilo, hali wanawataja wachezaji wa timu za Ulaya mpaka wale wakaao benchi.

Tukiwa tumeliuliza hilo juu ya taifa zima, natuliulize juu ya Kyela.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua jina la Kyela kwa mchele wake. Hilo ni jema, na mkulima wa bonde lile anastahili sifa. Vivyo hivyo vyungu vya Wakisi, vifinyangwavyo na akina mama wa vijiji vya karibu na Matema, chini ya milima ya Livingstone, husifiwa mbali na ziwa. Lakini mchele ni mchele, na chungu ni chungu. Huenda sokoni bila ya jina la aliyekitengeneza. Visiwani mambo yalikwenda vingine: Siti binti Saad aliimba, sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri tangu mwaka 1928, kisha Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Alhasili Siti yungali nasi. Ngoma ya beni iliyotoka pwani hiyo hiyo ilisafiri na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi mwambao wa Nyasa, ikageuka mganda. Majina ya waliocheza na kutunga yamebaki vinywani mwa wazee tu.

Na si katika ngoma peke yake. Kila mwezi Agosti maelfu ya wananchi wa Nyanda za Juu Kusini huingia katika viwanja vya Nanenane mjini Mbeya, viitwavyo viwanja vya John Mwakangale. Jina hulitaja kondakta, hulitaja mtangazaji, hulitaja muuza mahindi ya kuchoma. Mwenye jina ni nani? Alikuwa mbunge wa TANU, mwana wa Rungwe ya zamani, ile iliyokuwa bado haijatengwa na Kyela. Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nelson Mandela alitua Mbeya akitoroka kwa siri utawala wa makaburu, na aliyetazamiwa kumpokea ni Mwakangale. Mandela ameyaandika hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994. Alikuta hotelini weusi na weupe wameketi baraza moja, na mgeni Mwafrika akimsahihisha mpokeaji wageni wa Kizungu bila ya hofu, kwa kuwa hakuwa amewapa wageni ujumbe wa mbunge huyo. Mandela asema ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza. Ni ajabu kubwa kwamba mtu wa Johannesburg alilihifadhi jina hilo kuliko sisi tunaokanyaga viwanja vyake.

Wa karibu zaidi bado wanakumbukwa. Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela tangu 2005 hadi 2020, aliongoza Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa Richmond, na taarifa yake ya Februari 2008 ikafuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu. Hayo yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Jirani zao wa Tukuyu Stars, mabingwa wa soka wa Tanzania Bara mwaka 1986, wanatajwa vijiweni kila ligi inapoanza; lakini kijiwe si maktaba.

Tunawaomba basi Ndugu Maafisa Utamaduni wa Kyela na Rungwe wasingoje waraka kutoka juu. Daftari moja, kalamu, na kinasa sauti ambacho siku hizi kimo katika simu ya kila kijana, vyatosha kuanzia Itungi hadi Matema. Na Nanenane ijayo, kando ya matrekta na mbegu bora, iwekwe meza moja yenye picha na maandishi juu ya mwenye viwanja. Kazi hii haihimili kuahirishwa: aliyekuwa kijana wa miaka 20 Mandela alipotua Mbeya, sasa amevuka 80.