Mchezo wa telefone: tuuangalie kabla ya kuukataza



Katika mikutano yetu lalamiko moja linarudi kila mara: watoto wanashinda kwenye telefone, na moto wa paneli unaisha kabla ya usiku. Tunasema "ni michezo tu", lakini wachache wetu tumewahi kuicheza. Likizo iliyopita nilimwomba mtoto wa dada yangu, aliyetoka Kalemie, anifundishe mmoja.

Unaitwa Final Fantasy VII. Ulitengenezwa Ujapani na kampuni ya Square, ukatoka 1997, mwaka ule ule nchi yetu ilipoacha jina la Zaïre. Zamani ulichezwa kwenye mashine ya PlayStation, kwa diski tatu. Tangu 2016 uko pia kwenye telefone za Android.

Katika mchezo wa namna hii unashika nafasi ya mtu ndani ya hadithi. Unasoma maneno mengi ya Kifaransa, unauliza watu wa mtaa, unanunua dawa, unapanga nani apigane na nani atibu wenzake. Ukimaliza dawa mapema, mbele utaumia. Mwanamke aliyezoea kupanga feza ya likelemba ataelewa haraka.

Hadithi yenyewe ndiyo ilinishika. Kampuni iitwayo Shinra inavuta nguvu ya ardhi ili kutoa umeme. Matajiri wanakaa juu, maskini wanakaa chini yao, gizani. Kuna baba mmoja, Barret, wa kijiji cha wachimba makaa. Alikubali mtambo wa kampuni na akawahimiza wenzake wakubali. Mtambo ukalipuka, na kampuni ikachoma kijiji. Sasa anamlea Marlene, binti wa rafiki yake, kama mtoto wake wa kumzaa.

Hapo nilisimamisha mchezo, nikamweleza kijana juu ya Manono, hapa hapa Tanganyika, na bati na koltani yake. Kwamba madini ya koltani yanatumika ndani ya telefone kama ile aliyoshika. Akauliza: "Mama mdogo, na watu wa Manono wanapata nini?" Tulizungumza mpaka chakula kikaiva.

Lakini tusidanganyane. Mchezo huu ni mrefu sana, mapigano ni mengi, na kuna kifo kinachoumiza. Marekani waliuwekea alama ya vijana kuanzia miaka 13. Kwa wadogo, haufai.

Nawashauri haya:

1. Muulize mtoto jina la mchezo, kisha akusimulie hadithi yake. Akishindwa kusimulia, labda anabonyeza tu.

2. Saa moja inatosha, baada ya masomo na kazi za nyumbani. Na saa hiyo iwe ya wote. Katika nyumba nyingi kijana anashika telefone wakati binti anakwenda kuchota maji. Wagawane maji, wagawane na mchezo.

3. Michezo mingine inaomba feza kila mara ili uendelee. Usimpe mtoto namba ya siri ya feza yako ya telefone.

4. Kaa naye hata dakika kumi. Usipojua kusoma Kifaransa, akusomee na kukutafsiria. Hilo nalo ni somo.

Kwenye mkutano ujao, kila mama alete jina la mchezo mmoja unaochezwa nyumbani kwake. Tutaanzia hapo.