Mirija ya Kaboni na Umeme Usiopotea

Umeme unaozalishwa kwa maji ya Mto Pangani huko Hale, wilayani Korogwe, katika kituo cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964, haumfikii mtumiaji wote, kwa sababu kila waya una ukinzani: chembe zinazobeba umeme, ziitwazo elektroni, hugongana na atomu zinazotikisika ndani ya metali na kugeuza sehemu ya nishati kuwa joto lisilomfaa mtu. Mkondo ukiongezwa maradufu, joto hilo huongezeka mara nne, na ndiyo maana umeme wa masafa marefu husafirishwa kwa msongo mkubwa na mkondo mdogo, kisha hupozwa, yaani msongo wake hushushwa, vituoni kabla ya kuingia majumbani Korogwe na Handeni.

Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, aligundua kwamba zebaki ikifikishwa kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri hupoteza ukinzani wote. Kitu cha namna hiyo huitwa supakondakta, na siri yake ilielezwa mwaka 1957 na Wamarekani John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walioonyesha kwamba katika baridi hiyo elektroni huungana jozi jozi, na jozi zote hutembea kwa mwendo mmoja usiovurugwa na atomu.

Swali gumu zaidi, na pengine zuri zaidi, ni kama mwendo huo unaweza kudumu ndani ya mrija nano wa kaboni, ambao Sumio Iijima wa Japani aliueleza mwaka 1991. Mrija huo ni tabaka la atomu za kaboni, sawa na tabaka moja la madini ya kinywe yaliyomo katika miamba ya Mahenge, lililoviringwa hadi kipenyo chake kikawa kama sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika waya mnene, mahali pamoja pakivurugika jozi hupita kando; katika mrija mwembamba hivyo hakuna kando ya kupitia, na vurugu ya mahali pamoja huweza kuvunja mwafaka wa njia nzima. Kwa hiyo watafiti wa Orsay, Ufaransa, walipima mafungu ya mirija mingi iliyolala pamoja, ambamo, kama nyuzi za mkonge wa Korogwe zilizosokotwa kuwa kamba, mmoja hushikwa na jirani zake. Mwaka 2001 walitangaza kwamba ukinzani uliporomoka kwenye baridi ya takriban nusu nyuzi tu juu ya sifuri halisi, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Mwaka huohuo watafiti wa Hong Kong walieleza dalili za hali hiyo kwenye nyuzi 15 juu ya sifuri halisi, katika mirija myembamba zaidi iliyokuzwa ndani ya vitundu vya fuwele.

Hayo ni mafanikio makubwa ya maarifa, lakini si waya wa kesho. Kebo ya supakondakta yenye urefu wa kilomita moja iliyowekwa mjini Essen, Ujerumani, mwaka 2014 ilitengenezwa kwa kauri, ambayo hutosheka na baridi ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa Handeni, kinachopunguza upotevu leo ni nyaya nene na vituo vya kupoza umeme vilivyo karibu na watumiaji.